Baada ya shambulio la moyo, hatari ya kifo cha ghafla inaisha lini?

Swali la msomaji, Tanga:

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61. Mwaka jana alipata shambulio la moyo, tukamkimbiza Dar es Salaam, mshipa mmoja ukazibuliwa na akawekewa stenti. Karatasi ya ECHO aliyopewa siku ya kuruhusiwa inasema EF 34%. Sasa ni miezi 14 na hajarudia kipimo hicho. Dawa anakunywa, isipokuwa bisoprolol, ambayo aliiacha mwenyewe mwezi uliopita akisema inamlegeza mwili. Usiku analalamika kwamba moyo unaruka. Juzi juzi rafiki yake wa msikitini, ambaye naye alipata shambulio miaka mitatu nyuma, alikutwa amefariki usingizini. Tangu hapo baba halali. Hatari hii inaisha lini? Na je, anahitaji kuwekewa ile betri ya moyo?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba, na baba mpe pole yangu. Mtu aliyenusurika, kisha akamzika mwenzake mwenye ugonjwa uleule, hatapata usingizi kwa kuambiwa tu asiwe na wasiwasi. Anastahili kuambiwa ukweli. Na ukweli ni kwamba hatari yake ya leo hakuna anayeijua, kwa sababu namba mnayoitegemea ilipimwa katika wakati usiofaa kuitabiria kesho yake.

ECHO ni kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, na EF ni sehemu ya damu iliyomo kwenye chemba ya chini ya kushoto ambayo moyo huisukuma nje kila unapopiga. Hakuna moyo unaosukuma yote. Moyo mzima husukuma zaidi ya asilimia 50 hivi. Ile 34 ya baba iliandikwa siku chache baada ya shambulio, wakati sehemu ya msuli imekufa kweli na sehemu nyingine imeingia ganzi tu. Msuli wenye ganzi, mshipa ukishazibuliwa, huamka taratibu, kwa wiki na hata miezi. Wako waliotoka hospitali na 34, wakarudi baada ya miezi mitatu wakakutwa na 45 au zaidi. Wako waliobaki palepale. Na wako ambao moyo ulitanuka taratibu na namba ikashuka. Baba anaweza kuwa yeyote kati ya hao, na kwa kumtazama usoni huwezi kumjua.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa moyo, ya Ulaya na ya Marekani, inataka ECHO irudiwe: si chini ya siku 40 baada ya shambulio, na kwa aliyezibuliwa mshipa, miezi mitatu akiwa kwenye dawa kamili. Baba amepitiliza muda huo kwa karibu mwaka mzima. Simlaumu yeye wala ninyi. Mara nyingi mgonjwa hutoka wodini na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, bila mtu kumweleza kwamba kuna kipimo ambacho uamuzi mkubwa kuliko yote bado unakisubiri.

Sasa nije kwenye swali lako la muda.

Saa 48 za kwanza ni habari ya peke yake. Moyo ukisimama humo ndani, chanzo ni ule msuli unaokosa damu saa hiyo hiyo; mgonjwa akishtuliwa kwa umeme akarudi, tukio hilo pekee halimfanyi awe mtu wa kuwekewa kifaa cha kushtua moyo. Baada ya hapo ndipo hesabu ndefu inapoanza. Utafiti wa VALIANT uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 14,000 waliotoka kwenye shambulio wakiwa na moyo uliodhoofika. Matokeo yake ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika siku 30 za kwanza asilimia 1.4 yao walikufa ghafla au moyo wao ulisimama wakafufuliwa. Baada ya miaka miwili kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 0.14 kwa mwezi, yaani moja ya kumi ya kile cha mwanzo. Na hao walikuwa wagonjwa wa enzi ambayo kuzibuliwa mshipa mapema hakukuwa jambo la kawaida kama sasa.

Kwa hiyo hii miezi 14 aliyoivuka ni kitu kikubwa, na mwambie hivyo usiku wa leo. Lakini siwezi kumwambia kwamba imekwisha, kwa sababu kovu bado lipo.

Msuli uliokufa hugeuka kovu ndani ya wiki sita hadi nane hivi. Kovu halipitishi umeme wa moyo. Lingekuwa kovu tupu, umeme ungelipita pembeni ukaenda zake. Taabu iko kwenye kingo zake, na wakati mwingine katikati yake, ambako hubaki nyuzi nyembamba za msuli ulio hai lakini dhaifu. Umeme ukiingia kwenye uchochoro huo hutembea polepole mno. Unapotokea upande wa pili, unaikuta misuli ya huko imeshapumzika na iko tayari kupokea tena, basi unapita, unazunguka, na kurudi ulikoingilia. Ni ngamia wa kinu cha ufuta, anazunguka asifike popote, na kila duara analokamilisha ni pigo moja la moyo. Maduara yakifika 180 au 200 kwa dakika, chemba za chini zinapiga kabla hazijajaa damu. Presha inashuka, mtu anaona giza, jasho linamtoka. Duara hilo likivunjikavunjika na kuwa vurugu, msuli unatetemeka tu bila kusukuma chochote, na ndani ya sekunde chache fahamu zinapotea.

Uchochoro wa namna hiyo unaweza kukaa kimya miaka mingi. Katika jaribio la MADIT-II la mwaka 2002 waliingizwa watu 1,232 wenye kovu la shambulio na EF ya 30 au chini, wengi wao shambulio lao likiwa la zamani. Kwa wastani wa miezi 20 ya ufuatiliaji walikufa asilimia 19.8 ya waliotibiwa kwa dawa pekee, na asilimia 14.2 ya waliowekewa kifaa cha kushtua moyo. Kifaa kiliwafaidi hata waliougua miaka mingi nyuma. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ukivuka mwaka mmoja umepona. Hatari hupungua sana, ila kwa mwenye moyo uliobaki dhaifu haifiki sifuri.

Hicho kifaa si ile betri ya moyo ambayo watu wengi wanaifahamu. Betri ya kawaida huwekwa kwa mtu ambaye moyo wake unapiga taratibu mno. Ninachokizungumzia ni difibrileta ya kupandikizwa: kinakaa chini ya ngozi karibu na bega la kushoto, waya wake unaingia mpaka ndani ya moyo, na kazi yake ni kusikiliza kila pigo. Kikikuta mbio za hatari, kwanza hujaribu kuzikata kwa kupiga haraka zaidi ya zile mbio kwa sekunde chache, jambo ambalo mara nyingi mgonjwa halihisi. Zisipokatika, kinashtua. Mtu wa kwanza duniani aliwekewa kifaa hicho Februari 1980 huko Baltimore, Marekani, kutokana na kazi ya Michel Mirowski, daktari aliyeanza kukifikiria baada ya mwalimu wake kufa kwa mbio za moyo za aina hii hii.

Huenda unajiuliza kwa nini baba hakuwekewa palepale alipokutwa na 34. Lilijaribiwa. Jaribio la DINAMIT, lililochapishwa 2004, liliwawekea watu kifaa kati ya siku ya 6 na ya 40 baada ya shambulio, na idadi ya vifo kwa jumla haikupungua. Vifo vya mapigo kuvurugika vilipungua, vya sababu nyingine vikaongezeka. Baadaye uchunguzi wa maiti za wagonjwa wa VALIANT ulisaidia kueleza: katika mwezi wa kwanza, vingi vya vifo vilivyoitwa vya ghafla vilitokana na shambulio jipya au kupasuka kwa ukuta wa moyo, na hayo hakuna mshtuko wa umeme unaoyatibu. Vifo vya mapigo yenyewe vilichukua nafasi kubwa zaidi baada ya miezi mitatu. Kusubiri, basi, kuna sababu. Kosa ni kusubiri bila kupima tena.

ECHO mpya ikitoka, mambo yatakuwa hivi. Ikiwa EF ni 35 au chini na baba anahema akipanda ngazi au akitembea kwa haraka, au ni 30 au chini hata kama hahisi chochote, mazungumzo ya kifaa yaanze, maadamu amekuwa kwenye dawa kamili kwa miezi mitatu. Zingatia hilo la dawa kamili. Kwa kuwa ameacha bisoprolol, daktari anaweza kumrudishia dawa kwanza na kupima tena, na atakuwa sahihi. Ikiwa ni kati ya 36 na 40, hapo ni pagumu. Holter, ile mashine ndogo inayovaliwa saa 24 kurekodi umeme wa moyo, ikionyesha vipindi vifupi vya mbio, kuna kipimo cha kupitisha waya kwenye mshipa wa paja na kuuchokoza moyo makusudi ili kuona kama uchochoro upo. Ikiwa imepanda juu ya 40 na hajawahi kuzimia, kifaa hakihitajiki, na hapo baba ana haki ya kulala usingizi wake wote.

EF si kipimo kamilifu. Wengi wa wanaokufa ghafla baada ya shambulio, ukiwahesabu kwa idadi, wana EF ya juu ya 35, kwa sababu tu watu wa kundi hilo ni wengi zaidi. Ndiyo sababu dalili nitakazozitaja hapa chini zina uzito hata kwa mwenye namba nzuri.

Kifaa nacho kina gharama zake. Bei yake ni ya mamilioni ya shilingi, hivyo ulizeni mapema bima inalipia nini. Betri yake huisha baada ya miaka kadhaa na hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Mshtuko unauma, waliowahi kushtuliwa wakiwa macho hulinganisha na teke kifuani. Wakati mwingine hushtua kwa makosa. Na hakiuongezei moyo nguvu hata chembe, kazi hiyo ni ya dawa. Nimesema haya ili baba aamue akijua. Kwa mwenye EF ya 28 mimi ningemshauri akikubali bila kusita. Pa kuanzia kwenu ni rufaa kutoka hospitali ya mkoa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Sasa bisoprolol, na hapa ndipo ninapokuomba usichelewe. Katika dawa zote za baba, hiyo ni mojawapo ya zile zinazozuia moja kwa moja mbio ninazozieleza. Tangu mwaka 1981, timolol huko Norway na propranolol huko Marekani zilipojaribiwa kwa waliotoka kwenye shambulio, kundi hili la dawa lilionyesha kupunguza vifo, vikiwemo vya ghafla. Utasikia kwamba tafiti mpya, kama REDUCE-AMI ya 2024, hazikuona faida. Ni kweli, lakini utafiti huo uliwahusu watu wenye EF ya 50 na kuendelea. Baba hayumo humo. Tena kuiacha ghafla huuacha moyo wazi kwa ile adrenalini iliyokuwa inazuiwa, na huenda huko kuruka kwa usiku kumeongezeka kwa sababu hiyo.

Hata hivyo asirudie dozi yake ya zamani kwa kukisia. Mpigieni daktari wake au nendeni kliniki, apimwe presha na mapigo, aanzishwe dozi ndogo na kupandishwa taratibu. Kulegea mwili nako kusipuuzwe: pengine dozi ilikuwa kubwa, pengine mapigo yalishuka chini ya 50, pengine moyo wenyewe ndio umechoka na lawama imeangukia kidonge. Wengine hupata nafuu kwa kuimeza usiku. Ulizeni pia kama anazo zile nyingine tatu zinazohitajika moyo ukiwa dhaifu: spironolactone au eplerenone; enalapril au dawa za ukoo wake, au mahali pake sacubitril iliyochanganywa na valsartan; na dapagliflozin au empagliflozin. Zikitumika pamoja zinaweza kuupandisha moyo kutoka kwenye kundi la kuhitaji kifaa.

Kuhusu moyo kuruka. Pigo moja la ziada, kisha kimya kidogo, kisha pigo zito kifuani: hilo huwapata watu wengi baada ya shambulio, na husikika zaidi mtu akilala kwa ubavu wa kushoto kwenye chumba kimya. Peke yake si tangazo la kifo. Tena tulijifunza kwa gharama kubwa kutolikimbilia kwa dawa. Zamani madaktari waliamini kwamba wakiyanyamazisha mapigo ya ziada watazuia kifo. Jaribio la CAST mwaka 1989 likaonyesha kwamba waliopewa flecainide na encainide baada ya shambulio walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo mtu asimletee baba "dawa ya mapigo" kutoka kwa jirani, ikiwemo amiodarone, ambayo inahitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya tezi la shingo, ini na mapafu. Holter itatuambia ni mapigo ya aina gani. Ikiwa mapigo yote yamevurugika, hakuna mpangilio kabisa mkononi, hilo ni tatizo la chemba za juu. Hatari yake kubwa ni kiharusi na lina dawa yake ya kuzuia damu kuganda.

Duka la dawa la mtaani nalo nina neno nalo. Kwinini, erythromycin, azithromycin, ciprofloxacin, fluconazole, zote zinaweza kurefusha muda ambao moyo unauhitaji kujiandaa kwa pigo linalofuata, na kwa moyo wenye kovu huo ni mlango mwingine wa mbio. Simaanishi malaria isitibiwe. Itibiwe upesi, lakini baada ya kupima, na mtoa dawa aonyeshwe orodha nzima ya vidonge vya baba. Diclofenac na ibuprofen za maumivu ya mgongo aziache kabisa, maana huongeza hatari ya shambulio jingine na hujaza maji mwilini, paracetamol inatosha. Akiharisha au kutapika siku nzima huku anatumia dawa ya kutoa maji kama furosemide, potasiamu yake inaweza kushuka, na potasiamu ya chini huchochea mbio hizi. Hiyo ni siku ya kwenda kupimwa damu. Spironolactone nayo huweza kuipandisha kupita kiasi, kwa hiyo kipimo hicho na cha figo kisikose kliniki. Miraa hapana. Kuhusu kufunga Ramadhani, akamwone daktari wiki kadhaa kabla, ili dawa zipangwe kwa futari na daku au aambiwe wazi kwamba mwaka huu asifunge.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Kuzimia ghafla bila onyo, hasa akiwa amekaa, amelala au anafanya kazi. Moyo kwenda mbio kwa ghafla, kama umewashwa swichi, ukaendelea kwa dakika kadhaa na kizunguzungu, jasho au maumivu ya kifua. Akipata mojawapo, aende hospitali saa hiyo hiyo na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ipigwe wakati mbio bado zinaendelea ikiwezekana. Asidanganyike kwamba kwa kuwa anaongea vizuri si kitu; wapo wanaofika wodini wakitembea kwa miguu yao na mapigo 170 yanayotoka kwenye kovu. Na akiwahi kuzimia hata mara moja, asiendeshe gari wala pikipiki mpaka sababu ijulikane.

Ninyi wa nyumbani jifunzeni kukandamiza kifua. Akianguka, haitiki na hapumui kawaida, mlazeni chali sakafuni, si kitandani, maana godoro linameza nguvu. Mmoja aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, akandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiacha kifua kirudi juu kila mara, na mwingine atafute gari na msaada. Mnabadilishana kila baada ya dakika mbili kwa sababu mtu huchoka upesi. Yale mahemo ya kukoroma kwa vipindi, ambayo hutokea dakika za mwanzo, si kupumua. Msiache kukandamiza kwa sababu ya hayo.

Wiki hii basi mpelekeni kliniki na mfuko wote wa dawa, zile anazomeza na alizoacha, pamoja na ile karatasi ya zamani ya ECHO. Ombeni ECHO, ECG, Holter, potasiamu na figo. Majibu yakitoka niandikie EF mpya, dozi ya kila dawa, na kama amewahi kuona giza hata mara moja. Nitakuambia ningeamua nini kama angekuwa mgonjwa wangu.